La Mgambo Likilia: Habari za Kichwa, Homa na Mafunzo ya Beni na Butembo

Wahenga walisema: La mgambo likilia, kuna jambo. Hapo kale pembe ya nyati ilipopigwa kijijini, watu waliacha majembe shambani, akina mama wakaita watoto, maana kila mtu alijua ya kuwa ama adui amekuja, ama moto umezuka, ama mzee ana neno zito la kuwaambia watu wake. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba mwili wa binadamu nao una mgambo wake. Hulia kwa homa, hulia kwa uvimbe, hulia kwa uchovu, na mara nyingi sana hulia kwa maumivu ya kichwa. Tutasimulia jinsi watu walivyojifunza kuusikiliza mgambo huo, polepole na kwa gharama kubwa. Tena tutaona kwamba sehemu ya mafunzo hayo ilipatikana hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, katika Mangina, Beni, Katwa na Butembo, miaka ya 2018 hadi 2020.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini kuandika habari ndefu juu ya kichwa? Jibu letu ni hili. Mtu aliyevunjika mguu huonewa huruma, maana mguu waonekana. Mwenye kuumwa kichwa huambiwa kwamba ni mvivu, au kwamba anakwepa shule na shamba, au kwamba jirani amemtupia kitu. Na katika mitaa yetu wamo watu waliopona Ebola ambao baada ya kutoka hospitali waliendelea kuumwa kichwa, viungo na macho. Watu huwaambia: "Si umekwisha kupona? Unataka nini tena?" Maneno hayo humchoma mgonjwa, na kisha si ya kweli. Tuone basi kwa nini si ya kweli.

Alama nne za kale

Celsus, Mrumi aliyeandika habari za uganga katika karne ya kwanza, alitaja alama nne za sehemu ya mwili iliyodhurika: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hali hiyo sisi tutaiita mwako. Mkulima aliyechomwa na mwiba asubuhi huzijua alama hizo zote nne kabla ya jua kutua. Lakini kwa muda wa miaka elfu moja na mia nane na zaidi waganga hawakujua mwako watoka wapi, na wengi walidhani kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1882 mtaalamu mmoja kutoka Urusi, Elie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, mji wa kisiwa cha Sicilia katika Italia. Alitwaa watoto wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota. Hao ni wadogo sana, na miili yao hupitisha nuru kama kioo. Akawachoma mwiba mdogo, akaenda kulala. Asubuhi alitazama kwa hadubini, akaona chembe hai nyingi zimetembea zenyewe ndani ya mwili na kuuzunguka ule mwiba pande zote, kama watu wanavyomzunguka nyoka aliyeingia nyumbani. Hapo Metchnikoff akatambua ya kuwa mwako ni kazi ya ulinzi. Zile chembe ni askari wa mwili, na askari hao humla adui. Kwa ajili ya kazi yake, mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Likabaki swali: Nani aliyewaita askari? Mwiba hauna sauti. Jibu moja kubwa lilipatikana London mwaka 1957. Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi waligundua kwamba chembe iliyoingiwa na virusi hutoa kitu kinachozionya chembe jirani zijikinge. Kitu hicho wakakiita interferoni. Baada ya hapo wajumbe wengine wengi wa namna hiyo walijulikana, na leo wengi wao huitwa kwa jina moja la sitokini. Hao ndio sauti ya mgambo. Wengine huita askari mahali penye jeraha. Wengine hupeleka habari mpaka kwenye ubongo, na ubongo ukiisha kupata habari hutoa amri: joto la mwili lipande, hamu ya kula ipungue, mtu alale, asifanye kazi. Ndipo kichwa kinapouma. Kwa hiyo mtu mwenye malaria anayesema "kichwa chataka kupasuka" asikia kilio cha mgambo wa mwili wake mwenyewe pamoja na madhara ya mdudu aliyeingia.

Hata vidonge vya duka vina habari yake. Aspirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897, na watu wakaimeza miaka zaidi ya sabini bila kujua yafanyaje kazi. Mwaka 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba dawa hiyo huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo nazo ni wajumbe wa mwako na maumivu. Vane naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na wenzake wawili wa Uswidi. Hivyo kumeza aspirini ni kuushika mdomo mmoja wa mgambo. Sauti yapungua, lakini kama kuna adui, adui yungali ndani.

Kipandauso, mgambo usio na adui

Kuna kichwa cha namna ya peke yake ambacho Waswahili hukiita kipandauso. Aliyekipata hakisahau. Mara nyingi hushika upande mmoja, hudunda kama ngoma, mwanga waumiza macho, kelele zaumiza masikio, na tumbo lachafuka hata kutapika. Hudumu saa nne hata siku tatu. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari ya nuru ikicheza mbele ya macho. Katika karne ya pili mganga Galen wa Pergamo aliuita ugonjwa huo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "nusu ya kichwa", na kutoka neno hilo Wafaransa wakapata jina la migraine, ambalo madaktari wetu hulitumia. Katika dunia nzima watu zaidi ya bilioni 1 wanao ugonjwa huu, na wanawake hupatwa mara mbili hata mara tatu kuliko wanaume.

Sababu yake ni nini? Kuanzia miaka ya 1930, daktari Harold Wolff wa New York alifundisha kwamba mishipa ya damu ya kichwani hutanuka na kuuma. Fundisho lake lilitawala miaka mingi. Lakini mwaka 1979 daktari mwingine wa Marekani, Michael Moskowitz, alielekeza macho ya wenzake mahali pengine. Ajabu ni kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachosikia ni utando unaoufunika, pamoja na mishipa yake ya damu, maana humo hupita nyuzi za mshipa mkubwa wa fahamu unaotumikia uso na kichwa. Moskowitz alisema kwamba nyuzi hizo haziishii kupeleka habari za maumivu. Zenyewe huweza kumwaga vitu vinavyotanua mishipa ya damu, vinavyovujisha maji yake, na kuziamsha chembe za ulinzi zilizo karibu. Kumbe mwako waweza kuwashwa na mshipa wa fahamu, pasipo jeraha wala kijidudu!

Kati ya vitu vinavyomwagwa, kimoja kilipata sifa kuliko vingine. Jina lake ni refu mno, nao wataalamu hukiita kwa herufi CGRP. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walitangaza kwamba walikuwa wamepima damu itokayo kichwani, kwenye mshipa wa shingo, wakati wagonjwa wanapoumwa na kipandauso, wakakuta kitu hicho kimezidi. Baadaye huko Denmark, katika kundi la Jes Olesen, wagonjwa wa kipandauso waliokubali kufanyiwa jaribio walitiwa CGRP mshipani, na wengi wao wakaumwa kichwa kama siku zao za kawaida. Hapo shaka ikapungua. Tarehe 17 Mei 2018 serikali ya Marekani iliruhusu dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi ili kuzuia kazi ya CGRP, dawa iitwayo erenumab. Mwaka 2021 Moskowitz, Goadsby, Edvinsson na Olesen walipewa pamoja tuzo kubwa ya elimu ya ubongo nchini Denmark.

Tusizidishe maneno lakini. Dawa nyingine zilizobuniwa ili kuuzima mwako huo kwa njia tofauti zilijaribiwa kwa wagonjwa zikashindwa. Kwa hiyo wataalamu bado wabishana ni kiasi gani cha kipandauso ni mwako, na kiasi gani ni ubongo wenyewe kuwa mwepesi wa kushtuka, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa kwa wazazi. Hata hivyo neno moja limesimama imara: mwenye kipandauso haigizi. Ndani ya kichwa chake mgambo walia kweli, ingawa hakuna adui mlangoni.

Ebola, adui azibaye pembe

Sasa tugeuke nyumbani. Dawa ile ya erenumab ni kingamwili, yaani mfano wa zile silaha ambazo damu hujitengenezea, kila moja ikikamata kitu kimoja tu. Miezi mitatu haikupita tangu iruhusiwe Marekani, na kingamwili za namna nyingine zikaanza kutumika Beni kwa kazi nzito zaidi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yetu ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, kilometa thelathini hivi kutoka mji wa Beni. Wasomaji wetu wa huku wakumbuka jinsi ugonjwa huo unavyoanza: homa, uchovu, maungo kuuma, na kichwa. Ni alama zilezile za malaria, alama tulizozizoea tangu utoto. Hilo ndilo lililotutesa sana. Kichwa ambacho jana mtu alikinywea vidonge akaenda sokoni, leo kilikuwa neno la kutisha. Wengine walificha kuumwa, wakakaa nyumbani wakitumaini ni malaria. Juu ya hayo ilikuwapo vita. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku tangu Oktoba 2014, na wengi hawakuwa tena na imani kwa mgeni yeyote aliyekuja na gari na karatasi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa Butembo akiwa kazini.

Ebola huudhuruje mwili? Hapa mfano wetu wa mgambo wafaa sana. Kwanza virusi vyake huingia ndani ya askari walewale aliowaona Metchnikoff, tena huziba pembe, maana huzuia interferoni isitoe onyo lake. Adui azidi kuongezeka kijijini na watu wamelala. Halafu, kwa kuchelewa, pembe zote hulia kwa pamoja bila utaratibu. Sitokini zafurika, mishipa ya damu yavuja, viungo vya ndani vyaharibika. Hapo mgonjwa huuawa na adui pamoja na ghasia za walinzi wake mwenyewe.

Jambo hili halikubuniwa mezani. Baada ya Ebola kuzuka Gabon mwaka 1996, watafiti waliwachunguza watu 24 waliokaa karibu sana na wagonjwa lakini wenyewe hawakuugua. Katika damu ya watu 11 walipata kingamwili, dalili ya kwamba virusi viliwaingia. Nao hao, siku za mwanzo kabisa, walikuwa wameonyesha mwako mkali, ambao baada ya muda mfupi ulitulia. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2000. Maana yake ni wazi: mgambo uliolia mapema, kisha ukanyamaza kwa wakati wake, ulikwenda pamoja na uzima. Mwako ni rafiki ukija kwa saa yake na kuondoka kwa saa yake.

Damu ya Kikwit

Historia ya dawa zilizotumika kwetu yaanza mbali, magharibi ya Kongo. Daktari Jean-Jacques Muyembe Tamfum alikuwa miongoni mwa waliofika Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipoonekana nchini kwa mara ya kwanza. Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka tena katika mji wa Kikwit, watu 315 wakaugua na wengi wakafa, miongoni mwao masista sita Waitalia wa shirika la Poverelle la Bergamo, waliokuwa wakiwauguza. Muyembe na wenzake walifanya jambo la ujasiri. Walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa 8. Saba kati yao wakapona. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki. Walisema hao wagonjwa 8 walihudumiwa vizuri kuliko waliotangulia, tena watu ni wachache mno. Neno lao lilikuwa na haki yake. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Miaka kumi na mmoja baada ya kuugua, mtu mmoja aliyepona huko Kikwit alitoa damu yake kwa watafiti. Katika damu hiyo walikuta ulinzi ungali hai, ukikumbuka sura ya adui. Wataalamu wa Marekani na Uswisi, wakishirikiana na Wakongo, walitoa humo kingamwili moja yenye nguvu, wakaiita mAb114, na habari zake zikachapishwa mwaka 2016. Agosti 2018 wagonjwa wa kwanza wa kwetu walitiwa dawa hiyo.

Kisha tarehe 20 Novemba 2018 ulianza uchunguzi mkubwa katika vituo vya Beni, Mangina, Katwa na Butembo, ukiongozwa na Taasisi ya Taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, ambayo mkuu wake wakati huo alikuwa Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Dawa nne zililinganishwa, na mgonjwa alipewa mojawapo kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Agosti 2019 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuonekana. Waliopewa dawa ya ZMapp walikufa 49.7 katika kila mia, na waliopewa remdesivir 53.1. Lakini waliopewa mAb114 walikufa 35.1 katika mia, na waliopewa REGN-EB3, ambayo ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, walikufa 33.5. Kwa wale waliofika virusi vikiwa bado vichache katika damu, dawa hizi mbili zilifanya kazi hata akafa mtu mmoja tu katika kumi hivi. Waliochelewa nyumbani siku nyingi ndio waliokufa zaidi. Mwisho wa mwaka 2020 dawa zote mbili zilikuwa zimeidhinishwa rasmi Marekani.

Twaomba wasomaji wazitie takwimu hizo moyoni, hasa ile ya mwisho. Dawa hazikuja kuuzima mgambo. Zilikuja kumkamata adui kabla pembe zote hazijalia kwa ghasia. Ndiyo sababu siku ya kwanza ya kichwa na homa ilikuwa na thamani kuliko siku ya tano.

Baada ya vita

Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua, 2,287 walikufa, na 1,171 walipona. Katika hao waliopona wapo waliorudi vituoni kwa hiari yao. Mwili wao ulikwisha kumjua adui, basi waliweza kuwabeba na kuwabembeleza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kazi ambayo mwingine asingeweza kuifanya bila kujifunika mwili mzima. Watoto hao wengine wametimiza sasa umri wa kwenda shule.

Lakini wengi wa waliopona hawakurudi kuwa kama zamani. Tukitaka kujua ukubwa wa jambo hili, tutazame Liberia, ambako ugonjwa ulipita miaka ya 2014 na 2015. Watafiti waliwalinganisha waliopona na watu waliokaa nao karibu wasiougua. Kuumwa kichwa kulikuta watu 47.6 katika kila mia ya waliopona, na 35.6 katika mia ya wale wengine. Kuumwa viungo, 47.5 kwa 17.5. Mwako wa ndani ya jicho, 26.4 kwa 12.1, na baada ya mwaka mmoja mwako huo ulikuwa umeongezeka. Huko Guinea watafiti wengine walipima damu ya waliopona, karibu miaka miwili baada ya kutoka hospitali. Wakakuta wajumbe wa mwako wangali juu kuliko kawaida, kana kwamba vita havijakwisha. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2020.

Basi twaweza kujibu lile swali la "unataka nini tena?" Adui ameondoka katika damu, lakini mgambo haujanyamaza. Hatusemi kwamba kila kichwa cha aliyepona ni mwako tu. Mtu aliyezika mke na watoto katika mwezi mmoja, asiyelala usiku kwa kusikia bunduki, anazo sababu nyingine za kuumwa kichwa. Tena si kila kichwa chake ni kipandauso. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyo uongo au uvivu.

Jicho ndilo lihitajilo haraka kuliko yote. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia nuru, au likiona ukungu, mwako wa ndani waweza kulipofusha. Daktari mmoja Mmarekani, Ian Crozier, aliugua Ebola huko Sierra Leone mwaka 2014 akapona. Baadaye jicho lake moja lilishikwa na mwako mkali, na madaktari wakakuta virusi vimejificha ndani yake, wakati damu yake ilikwisha kuwa safi. Alitibiwa, na uwezo wa kuona ukarudi. Kwa kukumbuka mafunzo kama hayo, mwaka 2019, ugonjwa ukingali unaendelea, kliniki ya macho kwa waliopona ilifunguliwa Beni.

Mahali pa kujificha namna hiyo ni pachache, kama ndani ya jicho na katika mbegu za kiume. Februari 2021 ugonjwa ulionekana tena katika eneo la Butembo, na uchunguzi ulionyesha kwamba virusi vile ni vya ukoo uleule wa mwaka 2018, havikutoka upya msituni. Wagonjwa walikuwa 12 tu, na tarehe 3 Mei 2021 ukatangazwa kuwa umekwisha. Kwa sababu hiyo waliopona hupaswa kufuatwa na madaktari, kupimwa na kushauriwa. Lakini kushikana mkono na aliyepona, kukaa naye kanisani, kununua nyanya zake sokoni, kula naye ugali na sombe katika sahani moja, hayo hayaleti ugonjwa. Anayemkimbia amkimbia mtu asiye na hatia, tena humfanya afiche maumivu yake, na maumivu yakifichwa daktari hana la kufanya.

Yatupasayo kufanya

Elimu isiyofika mlangoni haifai kitu. Basi haya ndiyo tunayopendekeza kwa jamaa zetu wa parokia na wa vigango.

Kwanza, kichwa chenye homa kisikae nyumbani. Kipimo cha malaria ni cha muda mfupi, na kama si malaria, muuguzi apate nafasi ya kutafuta adui mwingine mapema.

Pili, kichwa kilichoshika ghafula kwa ukali usio na mfano, au kinachofuatana na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja au kupoteza uwezo wa kuona, hicho ni cha kupelekwa hospitali siku ileile. Vivyo hivyo kichwa kikali cha mama mjamzito, na kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka hamsini.

Tatu, mwenye kipandauso asimeze vidonge kila siku kama karanga. Vidonge vya maumivu vikimezwa siku kumi au kumi na tano na zaidi kila mwezi, kwa muda mrefu, vyenyewe huzaa kichwa kipya. Ni afadhali kulala kwa saa zilezile, kula kwa wakati, kunywa maji, na kuandika katika daftari siku kilipokuja na kilichotangulia. Daftari hilo humsaidia daktari sana. Sindano za kingamwili zilizoruhusiwa Marekani ni ghali mno, lakini ziko dawa za zamani za bei nafuu za kuzuia kipandauso, na daktari aweza kuchagua inayofaa.

Nne, mwalimu na mwajiri wasimwite mwongo mtu anayefunga macho kwa maumivu. Wampe mahali penye giza na kimya kwa saa chache. Atarudi kazini upesi kuliko akilazimishwa.

Tano, aliyepona Ebola mwenye kichwa, viungo au jicho linalouma, asindikizwe kwa daktari na mtu wa jamaa yake, asiende peke yake kama mshitakiwa. Hapa Beni na Butembo tuna deni kwa watu hawa. Dawa ya mAb114 ilitoka katika damu ya mtu mmoja wa Kikwit aliyekubali kunyosha mkono wake, na iliaminiwa duniani kwa sababu wagonjwa wa Mangina, Beni, Katwa na Butembo, wengi wao leo ni marehemu, walikubali kuingia katika ule uchunguzi. Wakisema kwamba kichwa chawauma, tuwasadiki, kisha tuwapeleke.